Sketi Iliyopewa Jina Huko Kituku

Goma, 11 Machi 2003

Kwako dada yangu mpendwa Émérance, huko Kalengera,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu, na kupitia kwako nawasalimu mama mdogo, mumewe, na wote wanaolala chini ya paa lenu. Mguu wa mama mdogo unaendeleaje? Kamate dereva alituambia safari iliyopita kwamba ameanza tena kwenda shambani mwenyewe, nikafurahi sana. Na maharage je, yamevumilia mvua hii? Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Mlima unatoa moshi wake kama kawaida, wenye bunduki wako barabarani kama kawaida, na makala ya kupikia yamepanda bei kama kawaida, kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu yetu.

Nimejitahidi kuanza kwa utulivu ili usiseme Yasmini hajakua. Lakini ukweli ni kwamba tangu Jumamosi sikai mahali pamoja. Nikishika sindano naiweka, nikiteleka sufuria naisahau, na mama yangu ameshaniuliza kama kuna mtu ameniposa. Kama una jembe mkononi liweke chini, tafuta pa kukaa, kisha usome polepole tangu hapa. Nakujua wewe, unapenda kuchungulia mwisho. Safari hii nakuomba usichungulie.

Habari yenyewe inahusu Maison Saumu. Najua siku ulipotoka pale bila kuaga, baada ya maneno aliyokutupia Mama Saumu mbele ya wateja, ulisema jina la nyumba ile lisitajwe tena masikioni mwako. Nami nimekuheshimu. Nimekuandikia habari za harusi, za misiba, za askari waliohamia kwenye shule ya mtaani kwetu, lakini duka lile tulilofanya kazi pamoja sikuligusa. Leo sina namna.

Macho ya Mama Saumu yamechoka, dada. Ulipoondoka ukungu ulikuwa umeanza kidogo tu. Sasa anapapasa meza akitafuta mkasi ulio mbele yake, na ukitaka kumsaidia anakufokea. Mwezi wa kwanza alikata kikwembe cha mke wa daktari, kile kitenge chenye ndege wakubwa wa bluu, na sisi tukashona bila kuangalia, maana ni nani kati yetu angethubutu kukagua kazi yake? Mteja alipokuja kujipima mbele ya kioo, ndege wote walikuwa vichwa chini, miguu juu. Yule mama ni mtu wa adabu. Alisema hapa Goma kila kitu kimepinduka, acha na ndege nao wapinduke. Mama Saumu alicheka pamoja naye, akamsindikiza hadi mlangoni, akarudi kukaa kwenye kiti chake mpaka tukafunga.

Unaikumbuka sheria ya nyumba: wote tunashona, anayekata ni mmoja. Mama huyo alikata peke yake tangu enzi duka liko Birere na wateja wanatoka Bukavu na Butembo kumfuata. Lava ya mwaka jana ilipomeza duka, mashine na kibao chenye jina lake, alianza upya katika chumba cha mbao juu ya mawe ambayo yalikuwa bado na joto, na hapo pia alikata yeye. Kwa hiyo kesho yake alipotuambia kwamba anatafuta mtu wa kukaa kwenye kiti chake, mtu atakayebuni na kukata kwa jina la Maison Saumu yeye akishapumzika, fundi Barthélemy aliacha kukanyaga mashine, na mimi nikajidunga sindano kidoleni.

Dada, nilikitaka kiti kile. Nakuambia mapema na waziwazi. Nilikitaka mpaka nikawa nakiota, na katika ndoto hata meza ilikuwa inaniita madame.

Tulikuwa watatu. Wa kwanza ni Barthélemy, unayemjua, ambaye mshono wake umenyooka kuliko barabara yoyote ya mji huu. Wa pili ni Idrissa, mtoto wa kaka yake Mama Saumu, ambaye wewe hukumkuta. Amerudi kutoka Kampala na viatu vyenye ncha na albamu ya picha alizokata kwenye magazeti, na kila mteja anamwita mrembo wangu, hata bibi wa miaka themanini. Wa tatu ni mimi. Watu walidhani Mama Saumu atampa mtoto wa ndugu yake, mambo yaishe. Yeye akasema hapana, nyumba haitolewi kwa sababu ya damu wala kwa sababu ya miaka ya kazi. Watakaochagua ni wanawake wa mji.

Ulikuwapo wakati akitufundisha jambo hili: modeli si modeli mpaka wanawake waipe jina wenyewe. Ile blauzi ya mikono mipana aliyoibuni zamani, yeye hakuiita chochote. Ni wauzaji wa Birere walioiita "Shemeji Sogea", kwa sababu ukiivaa hakuna anayeweza kubanana nawe kwenye benchi, na kwa jina hilo ikafika mpaka Kisangani. Basi mashindano yetu yakawa hayo hayo. Kila mmoja abuni vazi moja, alikate mwenyewe, amvalishe mwanamke atakayetembea nalo mjini kwa wiki moja kabla ya sikukuu ya wanawake, tarehe nane Machi, bila kumwambia mtu ni kazi ya nani. Vazi ambalo wanawake watalipa jina, kisha waje dukani kuliulizia kwa jina hilo, aliyelikata ndiye mrithi.

Sasa cheka kidogo. Idrissa alishona gauni lenye mkia mrefu nyuma, akamvalisha binti wa jirani, msichana mrembo kweli. Huko Kampala labda kuna lami kila mahali. Hapa kwetu, juu ya mawe haya ya lava yanayokula hata soli za viatu, mkia ule ulizoa mifuko ya plastiki, makapi ya miwa na kopo moja la maziwa lililokuwa likipiga kelele nyuma yake njia nzima. Jina lilipatikana siku ile ile: "Fagio la Mji". Mpaka watoto waliliimba. Lakini hakuna aliyekuja dukani kuagiza fagio.

Barthélemy alimshonea mke wa mkubwa mmoja wa hawa wanaotutawala sasa. Ilikuwa suti ya kikwembe, mabega yamesimama, vifungo vinang'aa, kazi safi isiyo na doa. Tatizo ni kwamba mama yule hakutaka kusubiri. Alimtuma mlinzi wake apite kwa wauza nyanya na bunduki begani, awaeleze kwamba vazi la madame linaitwa "Présidente". Wote wakaitikia kwamba ndiyo, linaitwa Présidente, na mlinzi alipogeuka hakuna aliyelitaja tena. Barthélemy maskini alipoteza hata hamu ya kula.

Na langu? Lilikuwa gauni la kijani lenye kola ya mikunjo, nililolishona kwa roho yangu yote, akalivaa mwalimu Léocadie. Kila alikopita aliniletea jibu moja. Wanasema iko muzuri. Wanasema iko muzuri sana. Nilianza kulichukia neno hilo, dada, kwa sababu muzuri si jina. Usiku nililia, na asubuhi nikajipaka poda nikaenda kazini kama vile hakuna kitu.

Wiki ilikuwa inaishia hivyo hivyo, bila jina la maana kwa yeyote kati yetu, ndipo Alhamisi mama akanituma Kituku kununua samaki. Gauni langu lilikuwa kwa Léocadie, kwa hiyo nilivaa tu ile sketi yangu ya zambarau ya kila siku, nyembamba, inayoshuka hadi kwenye kifundo cha mguu. Najua hapo umeanza kutabasamu. Nyamaza kwanza.

Mitumbwi ilikuwa imeshusha, ukingo wa ziwa umejaa wanawake na mabeseni. Lori moja la mbao lilikuwa likirudi nyuma kuelekea majini, na tairi lake likapasuka. Unatujua watu wa Goma. Sauti kama ile hatuisubiri ijieleze. Mmoja alisema ni risasi, mwingine akasema ni mlima, na soko zima likatimua mbio. Na kwa kuwa sikukuu ilikuwa karibu, wanawake wengi walikuwa wameshavaa zile sketi za kubana, za heshima, tunazowashonea sisi wenyewe. Dada, walikuwa wakirukaruka kama watu wa mashindano ya magunia. Wengine waliangukia mabeseni ya samaki. Wengine walishika pindo kwa mikono miwili wakazichana sketi mpya mpaka juu ya goti.

Mimi nilivuta utepe wa kiunoni. Lile kunjo lililofichwa ubavuni likafunguka, sketi ikawa pana kama ya mwanafunzi, nikakimbia, nikaruka mfereji, nikapanda nyuma ya lori jingine na samaki wangu mkononi. Nilipofika juu ndipo dereva akapiga kelele kwamba ni tairi tu. Nikashuka. Nikavuta utepe upande wa pili, kunjo likarudi ndani, na nikawa tena mwanamke wa heshima aliyetoka kununua samaki.

Nilipoinua macho walikuwa wamenizunguka, kila mmoja ameshika sketi yake iliyochanika. Mukamurenzi, yule muuza samaki wa sambaza ambaye sauti yake inafika Gisenyi bila pasipoti, alinizungusha kama mbuzi wa mnada. Akaniamuru nifungue. Nikafungua. Nifunge. Nikafunga. Akawageukia wenzake na kuwatangazia, "Banamuke, muiangalie vizuri. Hii jupe inaitwa Twende-Turudi."

Kwa mtu wa mahali pengine ningelazimika kueleza. Kwako sielezi. Sisi tuliokimbia lava tukarudi kabla mawe hayajapoa, tuliokimbia vita tukarudi kabla milango haijapatikana, tunajua jina hilo limetoka wapi. Walicheka mpaka waliokuwa wakilia kwa ajili ya sketi zao nao wakacheka. Ijumaa walijaa dukani. Hawakuulizia sketi ya zambarau wala sketi ya kunjo. Walitaka Twende-Turudi, na walipoulizwa wameiona kwa nani, wote walininyoshea mimi kidole.

Jumamosi, baada ya maandamano, Mama Saumu aliwakusanya wanawake kwenye uwanja mbele ya duka. Alikuwa amevaa hariri yake ya Dubai. Alisema amesikia jina moja kutoka vinywa vingi ambavyo havikupangwa, na kwamba sheria ni sheria. Akaniita. Vigelegele vilivyopigwa pale, dada, sijui kama nitavisikia tena hata siku ya harusi yangu. Idrissa alifunga albamu yake. Barthélemy alinipa mkono, lakini macho yake yalikuwa chini. Mama Saumu akanishika bega, akaniingiza ndani, akanikalisha kwenye kiti, na wanawake wakajaa mlangoni kutazama.

Nilikaa. Ukikaa pale unaona kila anayeingia, meza yote ni yako, mkasi uko mbele yako na mpini wake umelainishwa na mkono wa mtu mmoja tu. Nilijiona mkubwa. Nilifikiri pia, nakuambia bila kuficha, kwamba wewe uko Kalengera na maharage yako, kwamba nyumba hii huitaki hata kwa jina, na kwamba Barthélemy hatasema kitu. Kisha Mukamurenzi akaniletea kikwembe chake, akaniomba nimkatie ya kwanza hapo hapo. Nilichukua mkasi. Ningeweza kukata, maana kunjo lile nimelifua na kulipiga pasi mpaka nalijua kama kiganja changu. Lakini mkono ulikataa, na mdomo ukasema wenyewe kwamba sketi hii si yangu, ilikatwa na Émérance, kwenye sakafu ya nyumba yetu, na ndiyo ile ile iliyomfanya aondoke, akaniachia mimi.

Ndiyo, dada. Mji umekupa jina wewe.

Idrissa ndiye wa kwanza kusema, eti aliyeondoka hahesabiwi. Barthélemy, ambaye hajawahi kumjibu mtu, alimjibu kwamba afadhali afanye kazi chini ya mwanamke anayekata kuliko chini ya picha. Mama Saumu hakumsikiliza hata mmoja. Aliwaomba wanawake warudi baada ya wiki moja, akaturudisha sisi kazini, na mimi akaniita nyuma ya pazia. Nilifikiri ananifukuza.

Aliniomba nivue sketi. Akaishika kwa vidole, akalitafuta kunjo, akavuta utepe, akaurudisha, mara nyingi. Kisha akaniambia jambo ambalo ameniruhusu nikuandikie wewe na si mtu mwingine. Siku ya lava alikuwa amejipamba kwenda kwenye uchumba wa binti wa mteja. Alikuwa na sketi yake bora, ya kubana, aliyoikata mwenyewe. Moto ulipoingia Birere, akafuata lori lililokuwa likiondoka, na mguu haukuweza kupanda. Wanaume wasiomjua walimbeba kama gunia, na sketi ikachanika mpaka kiunoni mbele ya watu wote. Alikwenda hivyo mpaka Sake, amejifunika mfuko wa saruji, yeye aliyewavisha mabibi wote wa mji huu. Hajawahi kumwambia mtu.

Halafu wewe, miezi michache baadaye, ukaja kumwekea mezani sketi inayofunguka ili mtu akimbie. Alidhani ulimwona siku ile. Alidhani unamcheka kwa kitambaa, mbele ya wateja wake. Ndiyo maana alikujibu kwa ukali vile, "Miye nashonea banamuke ba kukaa, hapana ba kukimbia." Nilimwapia kwamba hukuwahi kufika Sake, kwamba ulikimbilia Gisenyi pamoja nasi na ukalala kwenye mkeka mmoja nami. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli kabisa. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa sketi yako.

Sasa sikiliza ujumbe wake kama alivyoutoa. Anasema hatakuomba msamaha kwa barua, na wewe usimletee wako. Anasema kiti ni chako, Barthélemy atakuwa mkuu wa washonaji, Idrissa atashughulikia wateja na mdomo wake ule, na mimi nitatembea mjini na kila modeli mpya kabla ya wengine, kwa sababu eti Mungu amenipa mwendo wa kutazamwa. Bado sijaamua kama hilo ni sifa au ni tusi. Na Twende-Turudi ya kwanza ya nyumba anaitaka iwe yake. Dada, tangu tumjue, je, kuna mtu aliyewahi kumpima mwili mama yule? Hata mimi niliyemfungia vilemba hakuniruhusu. Anasema uje na futi yako, umpime wewe.

Kamate anashuka kutoka Rutshuru siku ya Ijumaa na amekubali kukuwekea nafasi mbele, karibu naye. Wanasema barabara iko tulivu wiki hii, na wakubwa wako Afrika Kusini wakizungumza amani, Mungu awape akili. Mkamilishie mama mdogo kazi za haraka, umwombe ruhusa, uje.

Na sasa neno langu mwenyewe, ambalo Mama Saumu hakunituma. Usifikiri mimi ni mtu mwema. Kiti kile bado nakitaka. Mkasi uko mezani, kila nikipita naugusa, na kila siku kuna mwanamke anayekuja kuniambia kwamba wewe hutarudi, na kwamba nikate mimi tu, nani atajua. Jumamosi nilisema kweli. Njoo Ijumaa hii, usingoje lori jingine, maana sijui kama nitaweza kuisema mara ya pili.

Mama yangu anakusalimu na anasema kitanda chako kiko pale pale. Barthélemy anakusalimu, Léocadie anakusalimu, na Mukamurenzi anakusalimu kwa sauti ambayo labda umeshaisikia huko huko. Mpe mama mdogo mkono wangu, na umwambie aulinde mguu wake. Mungu akufikishe salama.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Yasmini